Shangazi Apewa Namba Kumi na Nne

Nilimjua kwa pindo la sketi.

Sura yake nilikuwa nimeiona mara moja tu, kwenye simu ya Ntare, katika picha ya harusi ya zamani. Mle alikuwa msichana mwembamba anayecheka. Huyu mama aliyeingia mlangoni Jumamosi ile, mfuko mkubwa mkononi, alikuwa mnene kidogo na hakuwa na kicheko chochote. Lakini sketi ya kijivu aliyovaa, pindo lake nililishona mimi, mwezi wa Desemba. Ntare aliniletea akisema, "Ya shangazi yangu hii, imenaswa na mlango wa gari." Na mshono wangu naujua. Nikifika pembeni huwa narudi nyuma mara tatu badala ya mbili, kwa sababu hapo ndipo nguo huanza kufumuka. Sasa nikaiona ile mara tatu yangu ikitembea, hatua tano kutoka kwenye cherehani.

Nikachukua pini nne nikaziweka mdomoni. Ndiyo desturi yangu nikiogopa. Mtu mwenye pini mdomoni haulizwi neno.

"Karibu sana, mama!" Onyango alimpokea kabla mimi sijanyanyuka. Onyango ni Mkenya, anasimamia wafanyakazi katika kiwanda kimoja kule Masoro, na kila Jumamosi ndiye anayekaa mlangoni kwetu. Sauti yake unaisikia ukiwa bado barabarani. "Hapa hakuna mkubwa wala mdogo. Kila mtu anachukua namba. Wewe ni kumi na nne."

"Mimi nimekuja kuleta..."

"Wote wameleta kitu, mama. Vyeti utamwonyesha fundi. Usiogope! Umri si kitu. Mwezi jana tulikuwa na mzee wa miaka sitini, leo ni mkuu wa walinzi. Kaa pale kwenye benchi, songa kidogo Twize, mpe mama nafasi."

Na kabla mama hajamaliza kuvuta pumzi, Onyango alikuwa amembandika karatasi kifuani. Kumi na nne.

Aliitazama ile karatasi. Akalitazama benchi, lenye vijana kumi na wanawake watatu. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Niliinamisha macho kwenye koti nililokuwa nalitoa uzi. Nilingoja apasuke kwa hasira. Hakupasuka. Alikaa, mfuko magotini, ukingoni kabisa mwa benchi.

Ningeweza kusimama pale pale nikasema, "Shangazi Connie, karibu, kuna makosa." Angepewa kiti cha mgeni na soda ya baridi. Angekaa dakika kumi, angesifu kazi yetu kwa Kiswahili chake kizuri cha Bukoba alikokulia, angeondoka. Na jibu alilokuja nalo angeondoka nalo vile vile.

Basi nikanyamaza na pini zangu.

*

Watu wanapaita mahali petu Kwenye Makoti. Ni chumba tulichoazimwa na kanisa huku Kinyinya, kati ya majumba mawili yanayojengwa, hivyo maneno yetu yote yanakwenda pamoja na nyundo. Mwenye wazo hili ni Ntare.

Kazi ya Ntare ya wiki nzima ni kutafuta wakubwa. Kampuni ikitaka mkurugenzi haibandiki tangazo ukutani, inampigia Ntare. Yeye ndiye anayejua nani amechoka na kiti chake Nairobi, nani anatamani kurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam. Anamfuata polepole, chai leo, chakula cha mchana wiki ijayo, mpaka mtu anakubali. Baba yangu alipoelezwa kazi hiyo aliweka spana chini, maana baba ni fundi wa magari kule Gatsata, akacheka mpaka akakohoa. Huku kwetu zamani kulikuwa na umuranga, mtu wa kutumwa kutafuta msichana mwema na kumsifia kwa wazazi wa kijana. "Kumbe huyu ni umuranga wa maofisi!" alisema baba.

Na kila mkurugenzi anayempatia kiti, Ntare anamwomba koti moja. Hayo makoti ndiyo tunayowaazima Jumamosi watu wanaokwenda kwenye usaili na hawana cha kuvaa. Miaka miwili iliyopita aliyaleta kumi na moja kwenye kibanda changu cha kushonea, barabarani. Yalikuwa ya wanaume wenye matumbo, na watakaoyavaa walikuwa vijana wembamba kama mianzi.

"Unaweza kuyapunguza bila kuyakata?" aliniuliza. "Wiki ijayo atavaa mwingine."

Mafundi watatu walikuwa wamemkatalia. Mimi nilisema, "Yaache." Nayashikiza kwa bandi, ule mshono mrefu ambao ukivuta uzi mmoja wote unatoka.

Jumamosi iliyofuata alikuja akakaa kwenye kigoda akinitazama nikimpima kijana mmoja. Kijana alipotoka, Ntare aliniuliza, "Umeona nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huniuliza nguo itakuwa tayari lini.

"Nimeona anajibu kabla swali halijaisha," nikasema. "Si kwamba anajua. Anaogopa kimya."

Ntare alitoa kalamu. Aliandika kwenye kijitabu chake, halafu akainua macho, na yale macho hayakurudi haraka kwenye karatasi. Mimi nilijichoma sindano. Tangu hapo kila Jumamosi, watu wakishaondoka, anavuta kile kigoda na kuuliza, "Haya, Mukunde, umeona nini?" Sijui ni Jumamosi ya ngapi nilipoanza kuvaa gauni la bluu kwa ajili ya swali hilo.

Wiki tatu zilizopita aliuliza swali jingine. Alitaka kutuma wazee kwa baba yangu, gufata irembo, kushika lango la nyumbani, ili ijulikane kwamba msichana wa humo ameshaombwa. Nilitaka kusema ndiyo kabla hajamaliza, kama yule kijana anayeogopa kimya. Lakini Ntare hana baba wala mama. Aliyemlea ni shangazi yake, Connie, mwalimu mkuu mstaafu, na kijana hawezi kujishikia lango mwenyewe. Shangazi ndiye anayepaswa kuongoza wazee. Na Shangazi alisema hivi, Ntare alinieleza bila kuficha: "Mwanangu anayechagulia watu wakurugenzi, yeye mwenyewe amechagua wa darasa la sita? Na hizo Jumamosi zinazomfukuzia wateja, nani anazishikilia kama si huyo?"

"Nitakuja na wajomba wa rafiki yangu," Ntare aliniambia siku ile, amenishika vidole. "Nitakuja hata na Onyango!"

"Bila Shangazi, usije," nilimwambia. "Sitaki kuingia kwenu kwa dirishani."

Shangazi alisema atatoa jibu kabla mwezi haujaisha. Jumamosi hiyo mwezi ulikuwa umebakiza siku mbili.

*

Benchi liko karibu na cherehani. Nikipunguza mwendo wa mguu nasikia kila kitu.

"Mama, wewe ni mara ya kwanza?" aliuliza Twizeyimana. Huyu ni mpakiaji mizigo wa Masoro, ana mabega kama kabati. "Usiogope. Mimi mara ya kwanza niliulizwa jina, nikasahau."

"Ukasahau jina lako?"

"Kabisa! Nikataja la kaka yangu."

Nilidhani Shangazi angecheka. Alitikisa kichwa tu, lakini aligeuza magoti kidogo kumwelekea. "Unatafuta kazi gani?"

"Mtunza stoo. Sasa mimi iko mbebaji tu. Lakini kila mzigo najua umelala wapi."

"Na huyu msichana wa cherehani? Ni nani hapa?"

"Huyu?" Twizeyimana alishusha sauti, ambayo hata ikishuka inasikika mpaka Gatsata. "Huyu iko bosi, mama."

"Nimesikia bosi ni bwana Ntare."

"Bwana Ntare anajua wakubwa. Huyu anajua watu." Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule uliokosa kidole cha kati. "Ona. Zamani nilikuwa navuta mkono wa koti mpaka ufunike hapa. Kwenye usaili nasalimia na mkono wa kushoto, wanadhani sina adabu. Nimekosa kazi mbili. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Fundi akaniangalia siku moja tu, akapandisha mkono wa koti juu, akasema, 'Twize, waache watazame kidole mwanzoni wakati wa kusalimiana. Wakishatazama, wataanza kukutazama wewe.'"

"Na umepata kazi?"

"Jumatatu naenda usaili. Lakini sasa jina langu nalikumbuka."

Hapo alicheka. Shangazi Connie alicheka, kidogo, kupitia puani, kama mtu aliyeibiwa kicheko. Mguu wangu ukateleza kwenye cherehani na uzi ukakatika.

Onyango akaja kuniinamia sikioni. Kunong'ona kwake ni kama tangazo. "Sister, Ntare amepiga. Wale wa kampuni ya majani ya chai wamemshikilia hotelini, wanataka mkurugenzi wao leo leo. Amesema mazoezi ya usaili uanze wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Miaka miwili unasikiliza nyuma ya pazia. Maswali yote unayajua." Akageuka kwa benchi. "Tunaanza na kumi na nne! Mama, wewe umri wako umekuruhusu kutangulia. Ingia kwa fundi."

Pini zikanichoma ulimi.

*

Nyuma ya pazia kuna meza, viti viwili na kioo kirefu. Nilimpokea mfuko, nikauweka mezani kwa mikono miwili. Nikazunguka nyuma yake na tepu.

"Inua mikono kidogo, mama."

Aliinua. Nilimpima mabega, mgongo, mkono. Alinukia sabuni ile ile ambayo mashati ya Ntare hunukia, na hilo nusura linitoe machozi, sijui kwa nini. Nikamvalisha koti la bluu lililotoka kwa mama mmoja mkurugenzi wa bima.

"Linakubana hapa," nikasema.

"Linatosha."

"Linabana, mama. Mtu aliyebanwa mabega huongea kwa hasira, na mwenye kuuliza hawezi kujua kwamba ni koti." Nikalifungua mshono wa mgongoni, nikamshikiza kwa pini zangu nne. "Sasa vuta pumzi."

Alivuta. Mabega yakashuka.

Nikakaa upande wa pili wa meza, mahali pa Ntare. Mikono niliificha mapajani. "Jina lako, mama?"

"Consolata." Ilikuwa kweli, Connie ndiyo kifupi chake.

"Unatafuta kazi gani?"

Alifikiri. Nyundo za nje zilipiga mara tano sita.

"Ya ulezi," alisema.

"Umewahi kuifanya?"

"Miaka thelathini na moja. Mtoto mmoja tu. Alikuja kwangu hajui kufunga viatu."

"Kwa nini unataka kuondoka kwenye kazi hiyo?"

"Sitaki kuondoka." Alinyoosha kiuno. "Naondolewa."

"Nani amekuambia?"

"Nani anamwambia mtu siku hizi? Unaona tu. Zamani Jumamosi alikuwa anakuja, tunakaanga ndizi, ananieleza habari za ofisini. Sasa Jumamosi ina wenyewe."

Niliitazama meza. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mwanamke mwenye dharau. Kwa huyu sikuwa nimejitayarisha.

"Mbona umenyamaza?" akauliza. "Usaili umeisha?"

"Hapana. Tunayo desturi ya kumwambia mtu tulichokiona kabla hajaondoka. Ili asikosee mbele ya wengine."

"Haya. Umeona nini?"

Lile swali. Kutoka kwenye mdomo ule, na macho yale yale ya kungoja. Nikajua Ntare alilipata wapi.

"Nimeona tangu ufike umekaa ukingoni," nikasema polepole. "Kwenye benchi, na hapa pia. Wanaokaa hivyo ni wa aina mbili. Kuna anayeogopa kufukuzwa, na kuna anayeogopa kuachwa. Wewe, mama, hapa hakuna mtu wa kukufukuza."

Alichezea ile karatasi ya namba kifuani, akaikunja pembe.

"Na wanaokuja nyuma yako hawaji kuchukua kiti chako," nikaongeza. "Kile kiti hakina mwingine anayekienea."

"Una maneno wewe." Alisema hivyo bila ukali. "Umesoma mpaka wapi?"

"La sita."

"Kwa nini uliishia hapo?"

"Mama alifariki. Nilikuwa na wadogo wawili."

"Na hukutaka kuendelea?"

"Nilitaka sana. Nilikuwa nawavalisha sare, nawapeleka mpaka getini, halafu narudi. Njiani nilikuwa natazama watu. Ndiyo shule iliyobaki."

Mwalimu mkuu alinitazama kama mwalimu mkuu anavyomtazama mtoto aliyejibu vizuri swali lisilokuwa lake. Halafu akaegemea mbele, akatoa kile alichokuja nacho.

"Niambie basi. Msichana wa darasa la sita ataketije meza moja na wakurugenzi?"

"Sijui nitaketije. Lakini makoti yao nayajua. Nayafungua ndani, mama. Bitana ya kwapani inaniambia nani alikuwa anatoka jasho kabla ya mkutano. Mmoja ana mfuko wa ndani uliojaa karatasi za peremende, kumi na saba, na ni mtu ambaye benki nzima inamwogopa. Mwingine mkewe amemshonea msalaba mdogo nyuma ya kola, hata yeye hajui. Mtu ukishashika koti lake ndani, hakutishi tena. Nitakaa nao kama ninavyokaa na Twize."

Shangazi Connie alicheka. Si kupitia puani sasa. Alicheka kwa tumbo, mpaka pini moja ikaruka mgongoni. Nikamwona yule msichana wa kwenye picha ya harusi, na mimi nikacheka, sikuweza kujizuia, tulicheka sote wawili kama watu waliofahamiana sokoni.

Ghafla alinyamaza. Akanielekezea kidole.

"Ngoja. Nimekuuliza msichana wa darasa la sita ataketije. Wewe umejibu 'nitaketije.' Mimi ni mtafuta kazi tu, namba kumi na nne. Mbona hukushangaa?"

Sikuwa na pini mdomoni. Sikuwa na pa kukimbilia.

"Nilikujua tangu mlangoni, Shangazi."

"Ulinijuaje? Yule mtoto amekuonyesha picha?"

"Kwa pindo la sketi. Mimi ndiye niliyelishona."

Aliinama akaligeuza pindo, akalitazama karibu kabisa na macho. Alipitisha ukucha pale pembeni, kwenye mara tatu yangu.

"Hili?" alisema. "Nililisifu hili. Nilimwambia Ntare, huyo fundi usimpoteze." Akajishika mdomo.

"Samahani, Shangazi. Ningesema, ungepewa soda na kiti cha mgeni. Nilitaka utuone tulivyo."

"Na mimi, baada ya yule mwenye kelele kunibandika namba, nilitaka nikuone ulivyo. Basi tumeibiana."

Alikuwa bado ameshika pindo pazia lilipofunguliwa.

*

Ntare alikuwa ametoka jasho, tai imekaa begani kama taulo. Alinitazama kwanza, ndivyo anavyofanya siku zote, macho yake hunitafuta kabla miguu haijasimama. Halafu akamwona aliyekaa mbele yangu na koti la pini na namba kumi na nne.

"Shangazi?"

"Usaili unaendelea," alisema Shangazi. "Gonga kwanza."

"Shangazi, nani amekubandika... Onyango!"

"Naam!" Onyango akachungulia. "Kuna nini? Mama amefaulu?"

"Huyu ni shangazi yangu!"

Sijawahi kumwona Onyango akikosa sauti. Alifungua mdomo, akaufunga, akaitazama ile karatasi kana kwamba imejiandika yenyewe. "Yesu wangu," alisema mwishowe. "Na nimemwambia umri si kitu."

"Umeniambia pia kuna kazi ya ulinzi," alisema Shangazi. "Nitaifikiria."

Benchi lote lilikuwa limesimama nyuma ya pazia. Nilisikia kicheko cha Twizeyimana kikianza chini kabisa na kupanda. Hata Ntare alianza kucheka, lakini macho yake yalikuwa yananiuliza mimi, imekuwaje, imekuwaje.

"Wewe umetoka wapi?" Shangazi alimuuliza.

"Hotelini. Wale wa chai."

"Umewapata mkurugenzi wao?"

"Nimewaambia Jumatatu. Nimewaambia Jumamosi nina watu wananingoja."

"Wakasemaje?"

"Wamekasirika. Halafu mwenyekiti wao akauliza ni watu gani, nikamweleza. Amevua koti lake pale pale." Aliinua mkono. Kweli, alikuwa ameshika koti jeusi, zuri, pana kama hema.

Shangazi alilichukua. Akaligeuza ndani, akachungulia kwapani, kisha akanitazama kwa pembe ya jicho. "Huyu naye anatoka jasho," alisema. Nilijiuma mdomo.

Alisimama. Alivua lile koti la bluu kwa uangalifu, nami nilikwenda nyuma kumsaidia na kuzikusanya zile pini. Nikaziweka mdomoni bila kufikiri. Akafungua mfuko wake mkubwa. Ndani mlikuwa na makoti matatu ya marehemu mumewe, yamekunjwa, na magazeti katikati.

"Nilikuja kuleta haya," alisema. "Na nilikuja kumwambia huyu msichana anyooke aende zake. Nilikuwa nimeshapanga mpaka maneno." Akageuka kwa Ntare. "Wewe ukitaka kumpa mtu kiti kikubwa unaanzaje? Si unauliza watu watatu?"

"Ndiyo, Shangazi. Aliyekuwa juu yake, aliyekuwa sawa naye, na aliyekuwa chini yake."

"Na unamwamini nani?"

"Wa chini. Siku zote."

"Basi. Nimekaa na wa chini saa nzima kwenye lile benchi." Alichukua mkoba wake mdogo, akaweka kamba begani, akajifuta uso kwa leso. Halafu akanitazama, uso umerudi kuwa wa mwalimu mkuu. "Asante kwa vipimo, fundi. Nitakupigia simu."

Kicheko cha Twizeyimana kikakatika. Hata nyundo za nje, au ni masikio yangu.

Maana hilo ndilo neno tulilolikataza Kwenye Makoti. Kila mtu wa lile benchi ameshaambiwa "tutakupigia simu", na hakuna simu iliyolia. Ntare ameliandika kwa chaki ukutani na kulikata kwa mstari mwekundu: hapa mtu anaambiwa ndiyo au hapana, usoni. Niliishika meza.

"Shangazi," alisema Ntare taratibu. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Hapa hatusemi hivyo."

"Hamsemi nini?"

Akamwonyesha ukuta. Shangazi alivaa miwani, akasoma, midomo ikitembea. Alisoma tena. Alipogeuka nilimwona anazuia tabasamu pembeni mwa mdomo.

"Aa. Samahani. Mgeni hajui sheria za nyumba." Akanikaribia. Karibu kabisa, mpaka ile sabuni ikanifikia. "Haya, usoni. Mzee Ntakirutimana, baba yako, Jumapili ya wiki ijayo atakuwa nyumbani au atakuwa chini ya gari la mtu?"

Sikuweza kujibu. Nilikuwa na pini nne mdomoni.

"Mukunde," alisema Ntare nyuma yake. Alikuwa amekumbatia lile koti la mwenyekiti kama mto. "Mukunde, tafadhali, jibu."

Nilitoa pini ya kwanza, nikaichomeka mkononi mwa gauni langu la bluu. Nikatoa ya pili. Ya tatu aliitoa Shangazi mwenyewe, kwa vidole viwili, kama anayemtoa mtoto mwiba, na ya nne pia.

"Atakuwa nyumbani," nikasema. "Nitamficha spana."

Benchi lote lilipiga kelele. Twizeyimana alimbeba Onyango juu, Onyango akipiga mayowe ashushwe. Shangazi hakupiga kelele. Alinivuta akanikumbatia, mara ya kwanza upande huu, mara ya pili upande ule, mara ya tatu tena upande wa kwanza, kama wanavyosalimiana watu wa nyumba moja. Juu ya bega lake nilimwona Ntare amesimama pale pale, macho yamejaa maji, anatabasamu kama mtu aliyesahau jina lake. Midomo yake ikasema bila sauti: umeona nini?

Nilimwonyesha kwa kidevu. Shangazi yake alikuwa ameniachia na kukaa, si ukingoni sasa, ndani kabisa ya kiti, mgongo umeegemea, mkono wangu ameuweka gotini kwake.

"Vile vipimo usivifute," alisema. "Nitahitaji vazi la sherehe, mshanana, la kwendea Gatsata. Na usinibane mabega."

"Sitakubana, Shangazi."

"Na wewe, Ntare, Jumamosi ukimaliza hapa mnakuja wote wawili. Ndizi zitakuwa zimeiva."

Nje ya pazia Onyango alikuwa ameshashushwa na sauti imemrudia. "Namba moja!" aliita. "Moja yuko wapi? Na kama una mtoto wa ndugu humu ndani, sema kabisa kabla hujakaa!"